Shemeji Aliyejichagulia Khan

Luvsandagva, kaka wa marehemu mume wangu, alichochea moto wa tanuri la shule ya bweni kwa miaka ishirini na miwili. Wilaya nzima ilimjua kwa kucha zake nyeusi na kwa mbwa wake, ambaye hakuwahi kumtii hata siku moja. Alikuwa mtu wa kawaida kabisa, mpaka serikali ilipotuambia sisi Wamongolia turudishe majina ya koo zetu, yale yaliyopigwa marufuku tangu enzi za bibi zetu.

Wengi tulikuwa tumeshayasahau. Shemeji alikwenda ofisini peke yake asubuhi, akarudi mchana akiwa mjukuu wa Chinggis Khan. Alijiandikisha yeye na wanangu kuwa Borjigin, ukoo wa Khan mwenyewe. Nilimuuliza amejuaje. Akasema damu inajijua.

Tangu hapo hakukalika naye. Alibandika picha ya Khan ukutani karibu na tanuri, akawa anasimama kando yake ili watu walinganishe macho. Akiombwa kusaidia kukamata kondoo wa kunyoa, alijibu kwamba babu zake walikamata miji. Beijing, Baghdad, Kiev, aliitaja kama mtu aliyetoka huko juzi, na mji mkuu wetu, Ulaanbaatar, hajafika. Waliokuwa wakiishi ndani ya miji hiyo walipatwa na nini, hilo hakuligusa. Mimi nilicheka tu, nikidhani ni ugonjwa wake peke yake. Kumbe nusu ya wilaya walikuwa nao.

Kisha binti yangu Nomundari, daktari wa mifugo, akapata mchumba. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na Sanchir ndiye mwanamume wa kwanza ambaye Nomundari alinitajia bila mimi kumbana. Watu wa Sanchir wakaja hemani kwetu kuposa: baba yake mdogo Gombosuren, na bibi yake Tsevelmaa aliyebeba kitambaa cha buluu. Tukikipokea kitambaa, posa imekubaliwa. Mpokeaji alikuwa shemeji, mwanamume mkubwa wa nyumba yetu. Nilikuwa nimemsihi siku tatu aseme machache.

Walibadilishana chupa za ugoro kama salamu, wakaulizana hali ya mifugo, wakanywa chai. Bibi alikuwa ameshakunjua kitambaa mikononi, shemeji akakohoa.

"Kabla ya yote, jueni mmeingia hema la nani. Sisi ni Borjigin."

Gombosuren akatabasamu. "Basi tumekutana, mzee. Na sisi pia."

Bibi Tsevelmaa akakikunja kitambaa, akakirudisha kifuani mwa joho lake. Watu wa mfupa mmoja, ukoo mmoja, hawaoani, akasema, na akaanza kukaza mshipi wa safari.

Wale wanaume wawili wakabishana nani amwachie mwenzake Khan. Gombosuren alidai wao walijiandikisha mwezi mzima kabla yetu. Shemeji akamwambia kwa majivuno yake yale, labda babu yao alikuwa mtunza farasi tu wa Khan. Hakuna aliyemtazama Nomundari, aliyesimama na birika. Nilimtazama mimi.

"Shemeji," nikasema, "babu yenu alikuwa nani?"

"Unajua."

"Mimi najua, mama mkwe aliniambia. Hawa hawajui. Chagua, Khan au mtoto wa ndugu yako."

Aliitua chai yake chini. Kisha akaziambia buti zake, "Aliokota mavi makavu ya ng'ombe, ya kuwashia jiko la hekalu. Baba yake vilevile."

"Na ukoo?" bibi akauliza.

"Niliupenda, nikauchukua."

Bibi akasema harusi itafanyika jina likishabadilishwa, akakitoa kitambaa. Shemeji alikipokea kwa mikono miwili. Gombosuren, akiwa sasa ndiye mfalme pekee hemani, alisogea mahali pa heshima bila kuambiwa, akaomba nyama iliyonona.

Jumatatu nilimsindikiza shemeji ofisini. Peke yake sikumwacha tena. Akaomba yeye na wanangu waandikwe Argalchin, yaani waokota mavi. Karani akamwomba arudie polepole. Alisema ameandika Borjigin mpaka mkono unajiandikia wenyewe, na jina kama hili hajaombwa na mtu yeyote.

"Una hakika, mzee?"

"Andika," shemeji akasema. "Nina binti anaolewa."