Mlango wa Nyumba ya Mapadre

Nani humchagua mkuu wa chuo? Niliulizwa hivyo na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mbele ya bwalo lililojaa, siku niliyokuwa naomba kura za uwaziri wa elimu katika serikali ya wanafunzi. Niliongea muda mrefu bila kupumua. Nilitaja Baraza la Chuo, nikataja Seneti na katiba, nikamtaja hata Roho Mtakatifu, maana kwenye chuo cha kanisa ukikwama unamtaja Yeye na hakuna anayethubutu kukukatiza. Watu wakapiga makofi. Yule mwanafunzi alibaki amesimama, anasubiri jibu.

Kura nilipata, na pamoja nazo nikapata kiti kwenye Baraza la Chuo. Kilikuwa kiti cha mwisho kabisa, karibu na chupa za chai, hivyo wajumbe wengi walidhani nimeletwa kumimina. Mwenyekiti alikuwa Baba Askofu. Walikuwepo mapadre kadhaa, mmoja wao akiwa katibu, na sista mmoja aliyeongoza hospitali ya jimbo. Walei waliwakilishwa na mzee mmoja mnunuzi wa dhahabu kutoka Geita, mtu mwenye sauti ya mnada, ambaye alimwita kila mwanamke "mayu", yaani mama kwa Kisukuma, awe bibi au binti.

Chuo chenyewe kiko kando ya barabara ya Runzewe. Historia yake husomwa kila mahafali, na kila mwaka huongezeka kidogo, kama ukoo uliopata mali. Ukiondoa mapambo, ni fupi. Wamisionari walijenga kituo cha kufundishia makatekista, kituo kikawa chuo cha ualimu, chuo cha ualimu kikapandishwa hadhi kuwa chuo kikuu kishiriki, na majengo yakabaki yaleyale. Chumba nilichosomea falsafa kilikuwa zizi la punda wa wamisionari, na mvua ikinyesha punda walikumbukwa. Mkuu wa chuo naye hakuwa na nyumba. Alikuwa na chumba cha mwisho katika nyumba ya mapadre, nyumba ndefu yenye vyumba mstari mmoja, meza moja ya chakula na mlango mmoja wa kutokea nje.

Wakati huo aliyekuwa anaongoza ni kaimu, na alikuwa mwanamke. Hakuwa mtawa, hakuwa na mume, na alifundisha biolojia. Sisi tulimwita Madam. Alikuwa na shahada ya uzamivu aliyoipata kwa kuchunguza samaki wa ziwani, jambo lililowafanya mapadre wamtanie kila Ijumaa, siku yao ya kula samaki badala ya nyama. Tangu aanze kukaimu, matokeo ya mitihani yalitoka kabla hatujasahau tulichojibu, na walimu waliokuwa wakifundisha kwa simu wakiwa Mwanza waligundua ghafla kwamba wanaweza kusafiri. Lakini kukaimu ni kubeba mtungi wa mwenzio kichwani. Ukivunjika ni wako, ukifika salama ni wake. Madam hakuficha anachotaka.

"Kazi hii naitaka," alituambia siku moja darasani, katikati ya somo la minyoo. "Sitaki niandikwe kaimu hadi kwenye msalaba wa kaburi."

Kwa hiyo ajenda ya uteuzi ilipofika Barazani, mimi nilijua nimeenda kufanya nini. Madam aliombwa kutoka kwa sababu mjadala ulimhusu. Akaketi kibarazani nje na rundo la mitihani ya kusahihisha, tukimwona dirishani. Katibu akasoma katiba. Mkuu wa chuo anatakiwa awe na uzamivu, uzoefu wa uongozi na mwenendo mwema. Hakukuwa na neno padre mahali popote. Nilikuwa nimejiandaa kupigana mahali hapo, na kumbe hapakuwa na kitu cha kupigana nacho. Kila mjumbe alimsifu. Walimsifu mpaka nikaanza kuogopa, maana kwetu mtu anasifiwa namna ile akishafungwa sanda.

Ndipo mzee wa dhahabu akakohoa.

"Mhashamu, mimi na huyu mayu hatuna ugomvi. Ugomvi wangu ni mlango."

"Mlango gani?" Baba Askofu akauliza.

"Wa nyumba ya mapadre. Akiwa mkuu atakaa chumba cha mkuu. Sasa asubuhi atatokea mlango gani? Watu wa Runzewe wana macho, Mhashamu. Na midomo wanayo."

Nilidhani anatania. Baraza lilishughulika na mlango ule mpaka chai ikapoa. Padre mmoja alipendekeza Madam apangiwe nyumba mjini. Mwingine akasema haiwezekani mkuu wa chuo kikuu cha kanisa apange chumba karibu na baa. Sista akauliza kwa upole kwani sasa hivi anaishi wapi. Kila mtu mle ndani alijua kwamba Madam alikuwa amepanga karibu na baa miaka yote aliyokuwepo, na muziki wake aliufahamu kuliko walevi. Katibu ndiye aliyelifafanua jambo hilo kisheria. Kaimu anaweza kukaa karibu na baa, alisema, ila mkuu hawezi.

Baba Askofu akageuka na kuuliza kama mwanafunzi ana neno. Nilisema wabomoe ukuta wa chumba cha mwisho, waweke mlango wa pili. Mafundi wapo, matofali yapo.

"Ukuta ule haubomolewi," katibu akasema. "Upande wa pili ni kikanisa chetu. Tabernakulo, anamokaa Yesu wa Ekaristi, imeegemea hapohapo."

"Basi Yesu asogee kidogo," nikasema. "Alishawahi kuzaliwa zizini kwa kukosa chumba, ataelewa."

Sista aliinamia kikombe chake, mabega yakimtikisika. Mzee wa dhahabu alinitazama kama jiwe lililokataa kuonyesha rangi ya dhahabu. Baba Askofu alicheka waziwazi, na nadhani ni kicheko hicho kilichomfanya akate shauri. Ijengwe nyumba mpya ya mkuu wa chuo, yenye mlango wake. Ikiisha, Madam athibitishwe. Makofi yalipigwa. Mzee wa dhahabu aliahidi mabati.

Madam aliitwa ndani akaelezwa. Alisikiliza akiwa amesimama, kalamu nyekundu bado mkononi.

"Nashukuru, Mhashamu," akasema. "Nani atasimamia ujenzi?"

"Wewe. Si ndiye kaimu?"

"Sawa," akajibu.

Wanafunzi tulisherehekea kana kwamba tumeshinda vita. Mimi nilijisifu kwa wiki nzima, nikirudia ile ya Yesu kusogea kwa kila aliyetaka kusikia na wengine wasiotaka. Msingi ulichimbwa. Kuta zilipofika usawa wa madirisha, ikasikika dhahabu imetoka porini upande wa pili wa wilaya, na mafundi wote wakatoweka na sepetu za chuo. Walirudi msimu uliofuata, wamekonda, bila dhahabu na bila sepetu. Nilihitimu nyumba ikiwa haijapauliwa, nikabaki hapohapo kama msaidizi wa maktaba kwa sababu ajira nyingine sikupata.

Wiki ile kuta zinapakwa chokaa, alirudi padre mmoja kutoka masomoni Ulaya, na uzamivu wake wa teolojia ukiwa bado moto. Baraza lilikaa upesi. Padre akateuliwa mkuu wa chuo. Nyumba mpya alionyeshwa akaisifu, kisha akahamia chumba cha mwisho cha nyumba ya mapadre, kwa sababu huko kulikuwa na wenzake, mpishi na mpira kwenye televisheni.

Nilimfuata Madam ofisini nikiwa na hasira. Alikuwa anafunga vitabu vyake kwenye maboksi ya sabuni. Alikuwa amelia, na hakujaribu kunificha.

"Shikamoo, Madam. Yaani unawaachia tu?"

"Marahaba, mwanangu. Kazi wameichukua. Mengine sijawaachia."

Niliona ni maneno ya mtu aliyeshindwa. Aliondoka muhula ulipoisha, akaenda kufundisha Shinyanga, na mimi sikukaa sana baada yake.

Miaka ilipita kabla sijarudi chuoni kufuata nakala ya cheti changu. Ile nyumba ilikuwa imejaa wasichana wenye makoti meupe, wakipasua samaki aina ya sato juu ya meza ndefu. Mlinzi alinieleza kwamba kwa kuwa hakuna aliyeitaka kuishi, waliifanya maabara, na bahati nzuri ilifaa kabisa, maji yalikuwa tayari kila chumba. Nilicheka njia nzima hadi stendi.

Nilikutana na Madam baadaye, harusini Shinyanga, ana sahani ya pilau mapajani. Nikamsimulia bahati ile. Alitafuna taratibu, akameza. Akaniambia kwamba siku ya kuchimba msingi alimwagiza fundi mkuu apitishe bomba la maji katika kila chumba, kwa kuwa humo hatalala mtu.