Risasi kwa Karamu ya Mjukuu

Baba mkwe wangu hakuja kwenye ndoa yetu. Alimwambia binti yake kwamba hana tatizo na mimi, ana tatizo na dini yetu na kukalishwa chini kwenye mkeka, na mkeka ulikuwepo kweli. Tulipokutana baadaye nilimwita papa, kama sisi watu wa Bujumbura tunavyomwita kila mzee. Akasema monsieur inatosha. Basi tukaishi hivyo, yeye Koekelberg, sisi na mama yangu Laeken, mitaa miwili jirani ya mji mmoja huku uzunguni, na hatutembeleani.

Mtoto alipozaliwa ndipo alipopiga simu. Alisema katika ukoo wao mjukuu wa kwanza akizaliwa, babu huleta kulungu mezani, na yeye angekuja kwenye karamu yetu ya mtoto na kulungu aliyempiga kwa mkono wake. Kisha akauliza swali ambalo mke wangu, aliyepokea simu, alinikariria huku analia: "Waislamu mnataka mnyama auawe vipi?"

"Nenda ukamweleze," mke wangu akaniambia. "Usimvunje moyo, tafadhali. Hajawahi kuuliza chochote kuhusu sisi."

Mimi nilidhani ni jambo jepesi. Kondoo wa akika, wa kumchinjia mtoto, alikuwa ameshaagizwa, kwa hiyo huyu kulungu angekuwa kitoweo cha ziada tu. Nikamwuliza shehe wa msikiti wetu, akasema mawindo ya bunduki yanaliwa, mradi mpigaji ni mtu wa Kitabu, hata Mkristo, na anataja jina la Mungu anapofyatua. Nikarudi nyumbani roho kwatu, nikampa mama habari. Alikuwa anakanda unga, na hakuinua hata kichwa.

"Bon, shehe akule kwake," akasema. "Mimi nyama ya bunduki sili. Muntu anapiga, nyama inakufa palepale bila kisu, hiyo ni kibudu."

"Lakini mama, shehe amesema..."

"Alors wewe uende na kisu. Ukiifikia ingali muzima, ukaichinja, nitakula. Ukiikuta imekufa, mukule nyinyi na shehe wenu."

Mama yangu akikataa sahani, wanawake wote wa rika lake wanaikataa pia, na hufanya hivyo kwa midomo iliyobetuliwa, mbele ya mwenye sahani. Nikamwona akilini baba mkwe akikaa mbele ya nyama yake isiyoguswa na mtu, akivaa koti, akiondoka. Asingerudi tena. Mke wangu alilijua hilo kuliko mimi.

Nilikwenda kwake, nikamkuta mzee chini ya nyumba, kwenye chumba chake cha kutengenezea risasi. Hanunui risasi zilizo tayari. Huchukua maganda matupu, hupima baruti kwenye kimizani kidogo, kisha hukandamiza kichwa cha risasi juu ya ganda kwa mashine ya mkono. Alikuwa ametandaza gazeti mezani na juu yake amepanga vichwa vya aina mbili. Kwa mara ya kwanza nilimwona amechangamka.

"Hivi vya ncha laini ndivyo nimetumia maisha yangu yote," akasema. "Kikiingia, kinafunguka kama uyoga. Mnyama haoni kitu, hasikii hata mlio. Anaanguka pale pale aliposimama. Kama huwezi kumwua hivyo, huna haki ya kumpiga." Akakisukuma kimoja upande wangu kwa kidole. "Tutumie hivi. Au vipi?"

Nilitafuta Kifaransa cha kulizungusha jambo, nikakosa. Nikamwambia kwamba mama anataka nimkute mnyama yu hai, nimchinje kwa kisu, la sivyo hatakula.

Akavitazama vile vichwa vya pili, vya shaba tupu, vigumu, vinavyopenya na kutoka upande wa pili bila kufunguka sana, hata mnyama asife papo hapo.

"Kwa hiyo unaniomba nipige vibaya."

"Siombi mimi. Ni mama."

"Na mama yako hawezi kubadilika?"

"Hapana."

"Binti yangu anasemaje?"

"Anataka uje."

Laiti ningekuwa na neno jingine! Niliwakasirikia wote wawili, mama kwa ukaidi wake na mzee kwa kuniuliza mimi, kana kwamba ndimi niliyezitunga sheria za bismillahi na za bunduki. Ukweli ni kwamba kila mmoja wao alikuwa anamtakia mnyama kifo cha haki kwa njia yake, na nilikuwa nimesimama katikati nimekauka kama kijiti. Mzee akavikusanya vichwa vya ncha laini, akavirudisha kwenye boksi lake. Akaanza kupima baruti kwa ajili ya vile vigumu.

Asubuhi ya siku ya mawindo alinichukua kwa gari tukaenda kusini, kwenye misitu ya Ardenne. Nilikuwa na kisu kipya na mabuti ya mpira ya kuazima. Kulungu alitokea ukingoni mwa uwazi, mdogo, mwekundu, amesimama vizuri kabisa. Mzee akafyatua. Mnyama akaruka, akakimbia, akaanguka ng'ambo ya kijito, akawa anajaribu kuinuka kwa miguu ya mbele.

Mzee alikwisha kuingiza risasi ya pili. Jicho lake lilikuwa kwenye darubini, kidole kwenye kifyatulio, na hakufyatua. Alikuwa ananingoja mimi.

"Haraka," akasema. "Nakuomba, haraka."

Nilikimbia. Nilitumbukia kijitoni, nikatoka, miiba ikanishika koti, nikaanguka tena. Kulungu alikuwa ananitazama nikija. Nikasoma bismillahi, nikamchinja, nikamshika mpaka akatulia. Nilipogeuka, mzee alikuwa amefika, kofia mkononi. Wawindaji wa huku humwekea mnyama kijitawi kibichi mdomoni, tonge lake la mwisho, kwa heshima. Alivunja kijitawi, akakishika kitambo, kisha akakitupa majini.

Karamu ilijaa watu mpaka ngazini. Mama alimpika kulungu kwa vitunguu na ndimu, akawa wa kwanza kujipakulia, na wenzake wakamfuata. Mke wangu alikuwa anacheka kama sijawahi kumwona. Baba yake alikaa kwenye mkeka, amekunja miguu kwa shida, mjukuu amelala mapajani mwake. Alikula wali. Nyama aliisogeza pembeni mwa sahani, akaiacha pale.

"Umwambie muzee anajua kazi," mama akaniambia kwa sauti ya wote kusikia. "Nyama tamu sana! Mutoto wa pili akizaliwa, alete ingine. Vilevile kama hii."

Nikamtafsiria. Ningefanya nini?

"Vilevile?" akaniuliza.

"Vilevile."

Akamtazama mtoto, akaitikia kwa kichwa. Mama alifurahi, akachukua upawa, akamwongezea mzee nyama.