Fundi wa Namba Tatu

Mimi na wifi yangu hatujawahi kumaliza wiki bila kununiana, na hilo nalisema mapema ili mtu asije akadhani namvisha kilemba cha ukoka. Ni mke wa kaka yangu. Ni mbishi, ni mkali, akikushika kosa hakuachii, na chai yake imekosa sukari tangu siku ya kwanza alipoingia nyumbani kwetu. Lakini kwa kriketi, jamani, kwa kriketi namvulia kofia.

Kazi yetu ni kushona sare za shule. Tuna chumba kimoja kinachotazama barabara, cherehani mbili za kanyagio, meza ya kukatia, na kamba ndefu iliyotundikwa mashati yasiyo na vifungo. Yeye hukata na kuunga, mimi natia vifungo na kutoboa matundu yake. Wateja wanamwita Fundi, na hata kaka yangu akimtafuta humwita hivyo hivyo. Juu ya meza, kwenye boriti, inaning'inia soksi ya kaka yenye mpira wa kriketi ndani. Akimaliza kola sita anasimama, anachukua bati lake (bati la kuchezea, si la kuezekea, maana wageni huuliza), anaupiga ule mpira mara thelathini. Mara mbili soksi imekatika, mpira ukapiga kopo la vifungo, na mimi nikatambaa chini ya meza kuokota.

"Wifi, ipo siku utanitoa jicho," nikamwambia mara ya pili.

"Si unayo mawili?" akanijibu, wala hakugeuka.

Aliolewa kwetu akiwa tayari mchezaji wa timu ya taifa ya wanawake. Tena kaka alimjulia uwanjani, alipokuwa amejikalia zake kwenye majani akitazama, mpira wa Fundi ukamtandika begani. Mpaka leo kaka anasema yeye hakuposa, aliposwa. Na mimi nilivutwa huko huko. Siku moja mwandishi wa alama aliumwa, Fundi akanipeleka kwa kuwa nina mwandiko mzuri na sipendi kudanganywa. Tangu hapo kitabu cha alama ni changu, na wachezaji wananiita Bi Kitabu.

Miaka sita wifi alikuwa kapteni, na miaka yote sita aliingia kupiga namba tatu. Kwa asiyejua mchezo, wapigaji wako kumi na mmoja kwa foleni. Wawili wanaanza, mmoja akitolewa anaingia wa tatu, akitolewa mwingine wa nne, hivyo hivyo. Namba tatu ni ya mtu mwenye moyo, maana huenda akaingia baada ya mpira mmoja tu, warushaji bado wana nguvu zao zote. Namba tisa na kumi ni za watu ambao kazi yao ni kurusha. Mara nyingi mechi inaisha hata bati hawajalishika.

Kisha tukafungwa mechi nne mfululizo. Chama cha kriketi kikakaa kikao, ikaja barua, Kocha akaisoma kwenye chumba cha kubadilishia nguo huku anaangalia viatu vyake. Kapteni mpya ni Nesi. Nesi ni binti wa miaka ishirini na mitatu, anafanya kazi wodi ya wazazi, ana sauti ya chini na akili nyepesi. Sasa hivi nakiri kwamba ni binti mzuri. Siku ile nilimchukia hadi kamba za viatu vyake.

Fundi alisimama, akampa mkono. "Hongera, Kapteni."

Kapteni! Kwa mdomo wake! Mimi nilikuwa nachemka. Njia nzima ya kurudi nilikichamba chama, mwenyekiti wake na aliyepiga chapa ile barua, mpaka akaniambia, "Wifi, nyamaza, unanipigia kelele." Siku tatu zilizofuata alishona kama kawaida, kola zimenyooka, hakukosea hata mshono. Ila hakuigusa ile soksi. Hapo ndipo nilipoogopa.

Mechi ya kwanza ya Nesi, Fundi akapangwa wa tisa, asiingie. Ya pili, wa tisa, akaingia mpira mmoja umebaki nao ukapigwa na mwenzake. Ya tatu, wa tisa, hakuvaa hata kinga za miguu. Halafu Kocha akatangaza kwamba mechi ya mwisho ya msimu ikiisha tu, papo hapo uwanjani, atasoma majina kumi na manne ya kwenda kwenye mashindano ya kufuzu. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu. Mtu wa miaka thelathini na sita ambaye hajapiga mpira mechi tatu, kibarua chake kimeota nyasi.

Aliniambia mwenyewe, mchana mmoja, anapiga pasi marinda ya sketi. "Wakiniacha kwa kuwa sijui tena kupiga, sawa, nitakaa na mume wangu. Ila waniache baada ya kuniona. Mara moja tu, wifi. Niingie mara moja tu nikiwa bado na mipira ya kupiga."

Nikamwambia anaunguza sketi, na kweli alikuwa anaiunguza.

Siku ya mechi wenzetu wapinzani walianza kupiga, wakapata mikimbio, yaani alama, mia moja thelathini na mmoja. Sisi tulitakiwa tupate mia moja thelathini na miwili kwa ova ishirini, yaani mipira mia na ishirini. Wakati wa mapumziko Nesi akanijia mezani kunitajia mpangilio. Alikuwa anajifunga kinga za miguu maana yeye ndiye anaanza, Kocha anamwita huku, mwamuzi anamwita kule. Akanitajia mbio mbio, "Wa kwanza Mwalimu, wa pili mimi, wa tatu Fundi, wa nne Kipa..." akaendelea hivyo, "wa tisa yule fundi mwingine," akamalizia, akaondoka.

Sasa, timu ina mafundi wawili. Kuna wifi yangu, na kuna fundi umeme, msichana mrefu mwenye mikono ya kuchimba visima, ambaye akiupata mpira unaenda kutafutwa barabarani. Mimi niliandika kama nilivyosikia. Wa tatu, Fundi. Wa tisa, fundi mwingine, kwa hiyo nikaandika Fundi Umeme. Sikusita hata kidogo. Nilifurahi, tena nikasema moyoni, kumbe huyu mtoto ana akili! Nikanakili kwenye kadi, nikaibandika mlangoni kwa pini ya kushonea.

Fundi akaisoma. Akasimama pale muda mrefu kuliko kadi yenyewe ilivyo ndefu.

"Ni yeye kasema?" akaniuliza.

"Kasema kwa mdomo wake. Wa tatu, Fundi."

Akakaa kwenye benchi, akaanza kufunga kinga. Akakosa tundu la mkanda mara mbili, yeye anayetunga uzi kwenye sindano bila kuangalia. Fundi Umeme naye akasoma, akaguna, akaenda kunywa maji.

Mpira wa tatu tu, Mwalimu akatolewa. Fundi akaruka kamba ya mpaka wa uwanja, akaingia. Yaliyofuata katikati ya uwanja niliyaona kwa macho na maneno nikasimuliwa baadaye. Nesi alimwona anakuja, macho yakamtoka.

"Dada, siyo wewe! Nimesema Fundi!"

"Fundi si ndiye mimi?"

"Wa umeme, dada! Wa umeme!"

Mwamuzi akawaambia wasipoteze muda. Kanuni ni kwamba ukishavuka ile kamba umeshaingia, ukirudi nje umetolewa. Mimi mezani nilimwona Nesi akinyoosha mkono kuelekea kwangu, na hapo hapo nikaelewa nilichofanya. Jamani, nimeiua timu ya taifa kwa kalamu!

Na Fundi akajua papo hapo kwamba nafasi ile hakupewa na mtu. Akagonga bati lake chini mara moja. Kisha akamwambia Nesi, "Kapteni, nimeshaingia. Niambie unataka nifanye nini."

Nesi akavuta pumzi. "Usitoke."

"Sitoki."

Mpira wa kwanza akauzuia. Wa pili akauzuia. Wa tatu ulikuja mfupi, akaupeleka hadi kwenye kamba, mikimbio minne, na mimi nikaandika nne kubwa kuliko ilivyotakiwa. Kuanzia hapo nilimwona wifi yangu ninayemjua. Walikimbia yeye na Nesi bila hata kuitana, wakafika sitini na mitatu ndipo Nesi akatolewa. Binti alipita mezani kwangu akitoka, akaigusa kalamu yangu kwa ncha ya bati. Afadhali angenitukana.

Halafu mambo yakaanza kuharibika. Wakaingia, wakatoka, Kipa, fulani na fulani, mmoja hata jasho halijamtoka. Upande mmoja wapigaji wanapungua, upande wa pili Fundi yuko pale pale. Alipofikisha hamsini hakuinua bati kushangilia kama wafanyavyo wengine, aliinama kukaza kamba ya kiatu. Mwandishi wa alama wa wenzetu, mama mmoja mpole, akaniuliza huyu ni nani. Nikamwambia ni wifi yangu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kwa neno hilo.

Akatolewa mpigaji namba nane. Imebaki mipira kumi na miwili, tunataka mikimbio ishirini. Namba tisa anaingia, na nani ni namba tisa? Fundi Umeme! Anakuja na ile mikono yake, mzima, hajachoka, amenuna tangu mchana na hana pa kumalizia. Watazamaji wakaanza kuita "Fundi! Fundi!" na hakuna aliyejua anamwita yupi. Nesi alikuwa amesimama kando ya kamba, mikono kichwani.

Ova ile ya mipira sita wakapata kumi na mmoja. Ya mwisho tukataka tisa. Mpira wa kwanza Umeme akakosa, wa pili akakosa. Fundi akatembea hadi kwake, akamwambia kitu. Nilimuuliza baadaye alimwambia nini. "Nilimwambia anafumba macho." Wa tatu Umeme hakufumba, mpira ukapita juu ya ukuta, sita! Wa nne akapata mmoja, wakabadilishana pande. Imebaki mipira miwili na tunataka mikimbio miwili, na Fundi ndiye anapiga.

Mpira wa tano akakosa.

Mwandishi wa alama hatakiwi kushangilia. Hatakiwi hata kusimama. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya kiti. Mrushaji akaja mbio, akaachia, na wifi yangu akapiga hatua moja mbele, akaupitisha chini chini katikati ya wachezaji wawili, taratibu, kama anayepitisha mkasi kwenye mstari wa chaki. Wote wawili wakajirusha. Wote wawili wakakamata majani. Ukagusa kamba, tumeshinda! Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka, na yule mama mpole ndiye aliyeniandikia nne ya mwisho. Fundi sabini na mmoja, hajatolewa.

Furaha ilikuwa bado haijapoa nikamwona Nesi anakuja na kadi yangu mkononi, pini bado inaning'inia.

"Bi Kitabu, mimi nilisema Fundi na fundi mwingine. Wewe ulimwandika nani?"

Nikaona nife na tai shingoni. "Nilimwandika Fundi. Na yule mwingine nikamwandika yule mwingine."

Akanitazama. Akaitazama kadi. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye majani, anajipangusa macho kwa mkono wa jezi. "Kwako Fundi ni mmoja," akasema. Nikamwambia ndiyo, mwanangu, kwangu ni mmoja, nisamehe.

Kocha akasoma majina kumi na manne. La wifi yangu lilikuwa la pili. Watu wakapiga makofi, yeye akatikisa kichwa tu, anakusanya vitu vyake kwenye mfuko. Ndipo Nesi akaenda akasimama mbele yake, wachezaji wote wanasikia.

"Dada, leo uliingia kwa makosa. Nisingekuingiza, na mbele ya hawa wote nakuambia ningekuwa nimekosea mimi. Huko tunakokwenda utaingia wa tatu. Na safari hiyo hakutakuwa na aliyeandika vibaya. Nakuambia mimi."

"Sawa, Kapteni," Fundi akajibu.

Akajifunika uso kwa glavu zake zote mbili, mabega yakaanza kumtikisika. Walipomvua ukapteni hakulia. Mechi tatu benchi, hakulia. Nikatupa kitabu cha taifa chini nikamkumbatia na jasho lake lote, na mbele ya timu nzima, kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumbani kwetu, nikasema kwa sauti kwamba kaka yangu alioa vizuri.