Mtoto Mgongoni kwa Wifi

Wifi yangu hana ugonjwa wowote. Anakula wali sahani nzima, anashushia na soda, anapiga mbweu, maisha yanaendelea. Akipanda mlima na ndoo kichwani jasho linamtoka kwa sababu amepanda mlima, si kwa sababu nyingine. Mimi nina kisukari cha wale wa sindano tangu nikiwa darasa la sita. Mwanamke huyo nilimwonea wivu miezi mingi, kiasi kwamba nikisikia kandambili zake uani nilikuwa nasaga meno.

Alikuja kwetu Musoma kutoka Butiama kwa ajili yangu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kabla hajaja nilikuwa malkia wa kliniki. Wenzangu wakipimwa sukari walikutwa na kumi na nne, kumi na saba. Mimi nilikuwa nne, tano, nne tena. Nesi alikuwa akinisimamisha mbele ya benchi na kuwaambia waige mfano wangu, nami nilijifanya naona haya huku nimependa kweli kweli. Nilichoma sindano yangu, nikala kidogo, nikasimama siku nzima kwenye meza yangu ya vitenge sokoni. Mashine ikisoma saba nilijiona nimeshindwa mtihani. Sukari ikishuka mno, mikono ilitetemeka, jasho likanitoka puani, moyo ukaenda mbio. Nilijua la kufanya. Nililamba sukari niliyotembea nayo kwenye pindo la kanga, nikaendelea kupima kitambaa. Kisha mtetemeko ule ukaacha kuja. Nikadhani mwili wangu sasa umekomaa, haushuki ovyo. Nikajisifu hata kwa hilo.

Siku moja mchana nilitoka sokoni na mtoto wangu mgongoni, bado wa kutambaa, nikashuka ziwani kununua sato. Ninachokumbuka baada ya hapo ni mama mmoja muuza samaki akinimiminia soda mdomoni. Kumbe nilikuwa nimekaa chini, nimemfungua mtoto nikamlaza kwenye mawe, na nilikuwa nabishana na mbuzi juu ya bei. Watu walicheka sana, mpaka walipomwona mtoto alikokuwa amefika. Miguu yake ilikuwa imeshalowa.

Mume wangu hakunigombeza. Alipiga simu kwao Butiama, wakakaa kikao, na uamuzi ukanikuta jikoni kama mgeni ninayeambiwa ratiba. Nisibaki na mtoto peke yangu. Nisimbebe. Dada yake, ambaye alikuwa amerudi nyumbani kutoka kwenye ndoa isiyokuwa na mtoto, angekuja kukaa nasi mpaka nitakapokuwa mtu wa kuaminika. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, wanasema. Wifi siku ya tatu alipewa mwanangu, na kanga yangu ya kumbebea juu yake.

Laiti angekuwa mvivu. Nilitafuta kasoro kama mtu anayechambua mchele. Uji wake haukuwa na madonge, nepi zilikuwa kavu kabla ya mvua, na mtoto alinenepa. Alipojua kusema mama, alimwambia yeye. Wifi akacheka, akamwonyesha kwa kidole, "Mama yule pale," kama anayemwelekeza mgeni ofisi ya kata. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya choo nikalia kwa hasira. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi uchungu huo nilikuwa naujua huku mwenzangu anajua uzito wake mgongoni.

Kliniki nilieleza yote nikitarajia kuhurumiwa. Nesi yule yule aliyekuwa akinisifu alipekua vipimo vyangu, akauliza, "Zamani ulikuwaga unatetemeka?" Nikamwambia ndiyo, zamani. Akasema, "Basi hizo namba zako nzuri ndizo zinakuponza. Mwili ukiushusha kila siku unazoea, unaachaga kupiga kelele."

Daktari alipunguza dozi yangu ya insulini. Kwa wiki kadhaa nisikubali kuwa chini ya sita, nipime mara nyingi kuliko nilivyozoea, na kabla ya kulala niwe na akiba ya sukari mwilini. Alisema mwili usiposhushwa kwa muda, mara nyingi hujifunza tena kupiga kelele. Siku mtetemeko ukirudi, ndipo tungezungumza na mume wangu habari ya mtoto. Kwa hiyo ili nimrudishe mwanangu ilinibidi kwanza niache kuwa malkia. Nikawa mtu wa nane, mtu wa tisa. Siku ya kliniki iliyofuata alisimamishwa mbele ya benchi binti mmoja wa chuo na tano yake, akajifanya anaona haya. Nilinuna mpaka zamu yangu ilipofika.

Wiki zilipita. Nilikuwa najichunguza vidole asubuhi na jioni, na vidole vimetulia kama vya mtu mwingine.

Tukaenda Butiama kuvuna mtama. Kwa watu wetu, mkamwana hali mbele ya baba mkwe. Hatafuni kitu, hata punje ya karanga. Tangu niolewe, mzee yule hakuwahi kuona mdomo wangu ukishughulika na chakula. Mwanzoni mwa ndoa niliwahi kushuka sukari nikimhudumia, nikajikaza mpaka nikafika jikoni nikitembea kwa kushika ukuta, na wakwe zangu wakanisifu kwa adabu.

Mchana huo tulikuwa tumekata mtama tangu asubuhi. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda chake karibu na zizi. Nikapiga magoti kumnawisha, na jagi likaanza kugongagonga beseni. Nikalitazama. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Jasho likachomoza puani, moyo ukaanza mbio zake, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi hadi nikataka kucheka.

Kisha magoti yakakataa kuinuka. Jikoni ni ng'ambo ya ua. Wifi alikuwa barazani, mwanangu mgongoni, anatuangalia. Nilijua kwamba nikianguka hapo, mtoto huyo atakuwa wake mpaka aanze shule. Nikafungua pindo la kanga, nikamimina sukari mdomoni, nikatafuna mbele ya baba mkwe wangu. Sauti ya kutafuna ilisikika.

Mzee alinyanyuka na mikono yake yenye maji, akageuza kigoda, akakaa akinipa mgongo.

"Kula, mama," alisema. "Mimi naangalia ng'ombe."

Nikala. Wifi ndiye aliyenikimbilia na kikombe cha uji wenye sukari, nikaunywa papo hapo. Tukasubiri, nikapima, ikawa saba. Mzee, bado amenipa mgongo, akauliza nilijuaje kwamba inashuka. Nikamwambia nimetetemeka, baba, mwili umeniambia wenyewe. Hapo akamwita binti yake.

"Mpe mama yake mtoto."

Wifi alifungua kanga taratibu, akaishikilia muda kidogo kabla ya kunipa. Miezi yote nilikuwa nimeisubiri sura yake ile, na nikaitazama bila aibu. Mtoto alipogusa mgongo wangu alipiga yowe, akanyoosha mikono kwa shangazi yake, akajipinda kama anayetaka kuruka. Nilikaza fundo. Nikaanza kuzunguka zizi nikimpigapiga makalio, naye analia, na ng'ombe wanatushangaa. Wifi alirudi barazani akakaa na mikono mitupu mapajani, akinitazama kwa macho niliyoyafahamu vizuri kuliko yeye. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Sikumrudisha.