Mbwa wa Ng'ambo ya Kijito

Harufu ya mbwa aliyelowa umande haimpendezi mtu yeyote mwenye akili timamu, nami sitajaribu kuitetea. Lakini ikinifikia asubuhi, hata leo ambapo meno yangu yamebaki ya kuhesabika, hunirudisha moja kwa moja kwenye mteremko wa nyumbani kwetu upande wa Sotik, katika miaka ya thelathini, kabla ya vita. Wimbi limekwisha kuvunwa na mabua yamebaki shambani. Mbwa watatu wanajikung'uta mlangoni, mama anawafokea kwa sababu maji yamerukia ndani ya kibuyu cha maziwa, na baba anajifanya hasikii kwa kuwa ndiye aliyewaita. Ukungu umelala bondeni hadi kwenye kijito. Ng'ambo ya kijito kuna chai ya Bwana, safu kwa safu, imekatwa ikalingana. Upande wetu ni mabua, vichaka, na kwale wanaoitana kwa kelele kama majirani waliokosana. Hapo ndipo nilipojua kwamba msimu wa ndege umefika, na kwamba siku hiyo hakuna atakayenituma kuchota maji.

Sisi tulikuwa watu wa kukaa kwa hisani. Bwana alimruhusu baba kuwa na nyumba, shamba la wimbi na ng'ombe saba, naye baba akamlimia chai yake. Tuliitwa maskwota, neno ambalo Kogo, yaani bibi yangu mzaa baba, alikataa kulitamka, kwa maelezo kwamba yeye alizaliwa kwenye mteremko ule wakati Bwana huyo hata mama yake hajaolewa. Masharti yalikuwa machache na kila mtoto aliyajua: ng'ombe wasizidi saba, mbwa wetu wasivuke kijito, na mali ya Bwana isionekane kwetu. Bwana naye alikuwa mwindaji wa ndege. Jumapili tulisikia bunduki yake kule juu, na Kogo alikuwa akitikisa kichwa na kusema kwamba mtu anayepiga kelele kiasi kile kwa ajili ya kwale mmoja lazima ana njaa sana.

Kwetu uwindaji wa ndege haukuwa kazi ya wanaume peke yao. Mawindo ya kweli yalikuwa yale ya porini, ya mikuki, na huko msichana hakusogea. Ndege walihesabiwa kuwa mchezo tu, na majirani wengine walitucheka waziwazi kwamba tunakula chakula cha watoto. Kwa hiyo tulitoka sote. Baba alibeba upinde na mishale ya kichwa cha mti isiyo na chuma, kaka yangu Kiprotich akashika rungu, mama na mimi tukayapiga mabua kwa fimbo ili ndege waruke. Kogo aliketi juu ya jiwe pana kando ya kijito, kapu miguuni, akituamuru kwa sauti ambayo naamini ilifika Kaplong. Mbwa wetu mkubwa aliitwa Moshi. Jina lake kwa lugha yetu lina maana hiyo. Alikuwa na mbio za ajabu na tabia mbovu. Akimkamata kanga alikuwa anakimbia naye kichakani kwanza, na sisi tulimfuata tukipiga mayowe, na kanga aliyefika nyumbani alikuwa nusu kanga. Hata hivyo Kogo hakuacha desturi zake. Mbwa aliyeleta kanga wa kwanza wa msimu alifungwa uzi wa shanga shingoni, na kichwa cha ndege kilikuwa fungu la mbwa aliyemkamata, kikatolewa kabla mtu yeyote hajaonja mchuzi.

Asubuhi moja ya msimu huo ninaousimulia, tukiwa katikati ya mabua, kwale aliruka kutoka mbele ya fimbo yangu akatua karibu na kijito. Moshi alikuwa mbali. Kabla sijapiga kelele, mbwa nisiyemjua alitoka majini, mwekundu wa udongo, masikio marefu yakimning'inia kama majani ya mgomba, akamwinamia yule kwale, akamchukua mdomoni na kutembea naye. Hakukimbia. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye jiwe, akaketi mbele ya Kogo, akangoja. Kogo alinyoosha mkono, naye akaufungua mdomo. Kwale alikuwa mzima. Hata unyoya haukukatika. Sote tulikusanyika tukimwangalia mbwa huyo kwa mshangao, na Kogo ndiye aliyetoa uamuzi wa kwanza. "Maskini," alisema. "Hana meno."

Alimfungua kinywa, akatazama ndani, na meno yalikuwa yote, meupe, mazuri kuliko ya Moshi. Basi Kogo akasema ni mgonjwa. Kiprotich alipomrushia kipande cha fimbo na mbwa akakirudisha mbio, Kogo akabadilisha tena: mbwa huyu hajawahi kupewa nyama maishani, hajui kwamba ndege huliwa. Baba alieleza kwamba ni mbwa wa Bwana, kwamba amemwona mara nyingi akifuata bunduki, na kwamba amefundishwa kufanya vile. Kogo alimtazama mwanawe kwa huruma. Nani angepoteza muda kumfundisha mbwa asile? Siku hiyo alimpa kichwa kibichi cha yule kwale, mbwa akakinusa na kugeuka, na hilo likawa ushahidi wa kutosha. Kesho yake alirudi. Kogo alikibanika kichwa kwenye makaa, akakipuliza kikapoa, akakishika kiganjani na kumbembeleza kama mtoto anayeachishwa ziwa. Alipokila, Kogo alituzungukia sote kwa macho ya ushindi. Tulimwita Masikio.

Sijawahi kula vizuri kama majuma yale. Masikio alivuka kijito kila asubuhi ambayo Bwana hakwenda kuwinda, na jioni alijirudia kwake mwenyewe bila kufukuzwa. Ndege aliowakosa baba kwa mshale, Masikio aliwaokota vichakani wakiwa hai, akawapeleka kwa Kogo, si kwa mwingine. Moshi alinuna. Alilala kando ya ghala la wimbi akitupa mgongo. Baba naye hakuwa na raha. Kila jioni alisema lile lile: "Siku atakapoonekana hapa, hawatasema alikuja. Watasema tulimwiba. Na mwizi wa mbwa hapewi malisho." Mama alimwunga mkono, kisha wote wawili walikula. Mimi sikujali malisho. Nilikuwa na miaka tisa, na Masikio alikuwa kiumbe wa kwanza kunisikiliza hadi mwisho. Nilimsimulia mambo yangu yote chini ya mti wa nandi, ule wa maua mekundu, huku akiniwekea kidevu gotini, na nilimpenda kuliko nilivyompenda kaka yangu, jambo ambalo Kiprotich alilijua na halikumsumbua.

Kisha Masikio akaleta kanga wa kwanza. Moshi na wenzake hawakuwa wamepata hata mmoja, kwa hiyo kwa haki shanga zilikuwa zake. Nilimkumbusha Kogo. Alisema, "Huyu si wetu, Chebet. Mbwa wa watu hafungwi shanga." Niliona huo ni uonevu mtupu. Mchana, Kogo alipokuwa akisaga wimbi, nilichukua uzi mmoja kutoka kwenye kifurushi chake, wa bluu na nyeupe, nikaufunga shingoni mwa Masikio chini ya manyoya yake marefu, nikamwambia asimwonyeshe mtu. Jioni aliondoka nao. Nilimtazama akipanda katikati ya chai hadi akapotea, nikajiona nimetenda jambo kubwa.

Kesho yake hakuja. Aliyekuja ni nyapara Okelo, mtu wa kutoka upande wa ziwa ambaye alizoea kunusa ugoro na baba nyuma ya zizi. Siku hiyo alikataa ugoro. Alifungua kiganja, na shanga zangu zilikuwa mle. "Arap Sang," alisema, "hii shanga imetoka shingo ya mbwa ya Bwana. Siku mingi mbwa napotea, Bwana nauliza iko wapi. Sasa anajua. Anataka wewe kesho asubuhi. Mimi sina la kufanya, ndugu yangu." Alipokwenda nilisema kweli yote, kwa sauti ambayo nusu yake ilikuwa kilio. Nilingoja fimbo. Baba hakunyanyua hata mkono. Aliketi kwenye kigoda chake akaanza kuwatazama ng'ombe wakirudi, mmoja mmoja, akitaja majina yao polepole, na hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Tukitolewa pale hatukuwa na pengine pa kwenda.

Asubuhi Kogo alijifunga ngozi yake nzuri na kusema anakwenda. Baba alipinga. "Mbwa ananijua mimi," alimjibu, "na mtoto huyu ndiye aliyemvisha. Wewe utakwenda kueleza nini?" Kwa hiyo tulivuka kijito watatu. Bwana alikuwa amesimama kwenye nyasi zake zilizokatwa fupi, mtu mrefu mwenye shingo nyekundu, Masikio miguuni pake, na Okelo pembeni. Masikio aliponiona mkia ulianza kupiga nyasi. Bwana hakutupigia kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Alisema kwa Kiswahili chake cha jikoni, "Mbwa hapana penda mimi sasa. Nyinyi nafanya nini yeye?" Kisha akachukua kwale aliyempiga alfajiri, akamtupa mbali kwenye majani marefu, akampa mbwa amri.

Masikio aliondoka kama upepo. Alimpata, akamwinua kwa ule mdomo wake mpole, akageuka. Alimkaribia Bwana. Akampita. Alikuja moja kwa moja hadi mbele ya Kogo, akaketi, akainua uso. Okelo aliyatazama mawingu. Baba alifumba macho. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya Kogo, na kwa hiyo niliona kile ambacho wengine hawakukiona: alirudisha mikono yake mgongoni, akaishikanisha, na vidole vilikazana. Lakini sauti yake ilikuwa ile anayofukuzia mbuzi. "Sikujui," alimwambia kwa lugha yetu. "Mpelekee mwenyewe. Toka!" Mkia ulipungua mwendo, ukasimama. Mbwa alingoja. Alisogea hatua moja, akamwinulia yule ndege juu zaidi, labda akidhani bibi hajamwona. Kogo aligeuza uso pembeni. Basi Masikio alirudi nyuma polepole, tumbo karibu liguse nyasi, akamweka ndege kwenye viatu vya Bwana.

Bwana alisimama akimtazama Kogo, si mbwa. Nadhani alielewa alichokiona, nami humpa heshima hiyo ingawa nyingine nyingi simpi. Aliongea maneno machache na Okelo, akaingia ndani. "Bwana anasema basi," Okelo alisema, akipumua kwa mara ya kwanza. "Rudini kwenu, ng'ombe zenu zikae. Lakini mbwa itafungwa mnyororo." Tulipovuka kijito Kogo aliketi kwenye jiwe lake akanawa uso, akanawa tena, zaidi ya uso unavyohitaji. Baba alimwambia, "Mama, umetuokoa." Alijibu bila kumtazama, "Nimemwambia mbwa uongo, na yeye hajui uongo ni kitu gani." Nililia hadi nyumbani, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Tuliwinda tena msimu huo, na misimu iliyofuata. Tulipoanza kuyapiga mabua, kule juu mbwa alibweka bila kukoma, na mnyororo tuliusikia ukikwaruza. Kila siku ya ndege Kogo alibanika kichwa kimoja, akakipuliza kikapoa, akakiweka kwenye jani juu ya jiwe. Asubuhi hakikuwepo. "Ameponyoka," alikuwa akisema, na uso wake ulijaa furaha. "Amekuja kula fungu lake." Mara moja niliwahi kuamka mapema nikaenda kuchungulia. Aliyekuwa juu ya jiwe ni Moshi, akilamba jani. Sikumwambia Kogo siku ile, wala siku yoyote hadi tulipomzika, na katika uongo wangu wote wa utotoni, huo ndio nisioutubia.

Leo Bwana hayupo, na mteremko ni wetu kwa karatasi. Chai imevuka kijito. Wanangu ndio walioipanda, safu kwa safu, juu ya yale yaliyokuwa mabua ya wimbi, na imesomesha watoto, kwa hiyo siilalamikii. Kwale hawaitani tena, maana hakuna kichaka cha kuitana ndani yake. Uwindaji umekatazwa na sheria, na sheria inasema kweli, hata kama imefika ndege wakiwa wamekwisha kwenda zao. Jiwe bado lipo. Wachumaji wa chai huweka vikapu vyao juu yake. Mjukuu wangu ana mbwa mnene anayelishwa kwa bakuli na hajui kanga ni nini, na akilowa, harufu ni ile ile.

Jumapili iliyopita mjukuu huyo alituletea kuku aliyemnunua mjini, mweupe, amefungwa kwenye nailoni. Nilimfungua, nikamgeuza, nikamgeuza tena, nikaingiza mkono tumboni. "Kogo, unatafuta nini?" mjukuu aliniuliza akicheka. Nikamwambia natafuta kichwa, kuna mbwa ana fungu lake hapa. Alinijibu kwamba siku hizi kuku huuzwa bila vichwa. Basi nilikata kipande cha shingo, nikakibanika, nikakipuliza kikapoa, nikakipeleka kwenye jiwe. Asubuhi hakikuwepo. Mbwa wa mjukuu alikuwa amelala mlangoni akijilamba mdomo, nami sikumuuliza kitu.