Maua ya Mjomba Pelihter

Mwalimu Merlihda Ioanis anafundisha baiolojia chuoni kwetu, chumba cha jirani na changu cha kemia, na ukuta ni mwembamba. Nimeyasikia masomo yake yote, nipende nisipende. Mwanafunzi akianza, "Kitabu kinasema," anamkatiza: "Kitabu hakina macho. Wewe umeona nini?" Kisha anawatoa wote nje mvuani, na wangu wanabaki kuwachungulia kwa wivu.

Kwetu kisiwani Pohnpei, katika Pasifiki, kulima viazi vikuu ni kazi ya wanaume, na shamba la mtu halitazamwi. Ukipita, unaangalia njia. Kumuuliza mwanamume ana viazi gani ni utovu wa adabu, kwa sababu anavificha mpaka siku ya karamu, wanaume wanaposhindana kwa ukubwa wa viazi. Merlihda, binti wa wilaya ya Kitti, akaenda ng'ambo kusomea hicho hicho kisichoulizwa: viazi vikuu vinarithi nini, na kwa nini kimoja kinakauka na kingine kinasimama. Nilimwambia waziwazi kwamba anajitafutia balaa.

Kisha ukaja ugonjwa wa majani meusi, ukala shamba baada ya shamba. Merlihda alibaki na mmea jike mmoja mzuri, nao ulikuwa unachanua wiki ile tu. Alihitaji chavua ya dume lisiloshikwa na ugonjwa, na shamba lililobaki kijani ni la mjomba wake Pelihter. Amelijuaje, sikuuliza.

"Utamwombaje?" nikamwambia.

"Siombi. Wewe leta gari."

Akambebea mjomba sakau, kinywaji cha mizizi cha kuomba msamaha, kile ambacho ukishakinywa umesamehe. Mzee akakitazama kikombe.

"Umenikosea nini?"

"Bado, Mjomba. Nitakukosea kesho asubuhi."

"Siku hizi msamaha unatangulia kosa? Ndiyo mliyofundishwa huko ng'ambo?"

"Maua ya mmea wangu yanafunga keshokutwa, Mjomba. Sina muda wa kukosea kwanza."

Mzee akakirudisha kikombe chini, nami nikamchukia kwa uchoyo wake, kwa kuwa kisiwa kizima kilikuwa kinapoteza viazi. Mwishowe akanywa.

"We mtoto, kichwa kigumu kama mama yako. Kesho uje na taulo."

Asubuhi mzee alimfunga taulo machoni, akamshika mkono, akampitisha shambani na kumfungua mbele ya mmea mmoja tu. Merlihda alichuma maua, akafungwa tena. Mchana huo huo kila mwanafunzi wake alishika brashi na kuchavusha ua kwa mkono wake mwenyewe. Mbegu zilishika chache, na karibu miche yote ikageuka myeusi. Akaing'oa bila kulalamika. Mmoja ulibaki kijani, akaulea miaka kadhaa.

Kiazi cha mche huo kilifika kwenye karamu ya chifu mkuu kimening'inizwa kwenye mti uliobebwa mabegani, wanaume wawili wakihema chini yake na Pelihter akiwatangulia, kwa kuwa kiazi hupelekwa na mwanamume.

"Pelihter, safari hii umetumaliza," watu wakamwambia.

Angenyamaza tu, sifa zingekuwa zake na shamba lake lingebaki siri. Nilimwona Merlihda anainamisha macho, ameshakubali sifa ziende kwa mjomba wake.

"Si changu," mzee akasema, sauti ikafika mpaka kwa chifu. "Ni cha mpwa wangu Merlihda. Dume lake liko kwangu, nyuma ya mshelisheli mkubwa. Mwenye kutaka mbegu aje Jumatatu. Aje mchana, na atazame anavyotaka."