Hedwiga na Kikombe cha Maji Matupu

Wanaomjua leo Hedwiga wa Mpepai, mama asiyemung'unya maneno, huona unawatania ukiwaambia kwamba zamani hakuweza kumwambia mtu hapana. Lakini ndivyo alivyolelewa. Ukipewa, pokea, ukiulizwa kama mboga imekolea, imekolea.

Miaka ile soko la kahawa lilipofunguliwa na kampuni za watu binafsi zikamiminika Mbinga, alikuwa mchambuaji kwenye ghala la kampuni mojawapo. Tatizo lilikuwa macho. Yalianza kuingia ukungu, punje nyeusi zikawa zinampita, na msimamizi alishamwambia kwamba msimu ujao asijisumbue kuja. Basi iliposikika kwamba anatafutwa msaidizi wa kuonja kahawa, Hedwiga akawahi kujiandikisha. Macho yamegoma, sawa, lakini ulimi bado mzima.

Mwonjaji mkuu aliitwa Othmar, kijana wa Litembo aliyejifunzia kazi hiyo Moshi. Alimwamkia shikamoo, akampangia vikombe vya maji mezani. Baadhi vilitiwa chumvi, kila kimoja kidogo kuliko kilichotangulia. Vingine havikutiwa kitu. Kazi ilikuwa kuonja, kutema, na kusema kama chumvi ipo au haipo.

"Ipo, mama?" aliuliza Othmar kwa upole.

"Ipo, mwanangu."

Ikawa ipo, ipo, mpaka kikombe cha mwisho.

"Mama, vingine hapa vilikuwa maji ya bomba tu."

Hedwiga alitamani sakafu ipasuke immeze. "Sasa mwanangu, umeniandalia, unaniuliza vizuri, nikujibu hamna kitu?"

Othmar hakucheka. Wachambuaji wengine waliojiandikisha, karibu wote, walikuwa wamefanya vivyo hivyo, tena kwa adabu zao zote. "Mkikubali kila kitu sitajua ulimi wa nani unasikia," aliwaambia. "Ijumaa tunarudia."

Nyumbani, Hedwiga alimwomba mumewe, Nazari, ampangie vikombe. Hapo ndipo alipojigundua. Nazari hakuwa na uso wa siri hata kidogo. Kikombe kikiwa na chumvi alinyanyua nyusi, na Hedwiga alikuwa akizijibu nyusi. Akafumba macho. Akaanza kukosea ovyo, akakasirika, akaonja tena na tena, hadi akazoea kuuliza ulimi wake peke yake.

Ijumaa ilipofika, rafiki yake Walburga alikuwa ameamua kukataa vyote, eti ndicho wanachotaka. Akarudishwa kuchambua. Hedwiga akasogea mezani, akafumba macho.

"Ipo," alisema. Kisha, "Haipo." Kwenye kikombe ambacho wenzake wote walikiita maji, alizungusha maji mdomoni, akasema, "Ipo. Kwa mbali, lakini ipo." Othmar akaitikia kwa kichwa, ameridhika, ila Hedwiga hakumwona.

Kikabaki kimoja.

"Haipo."

"Una hakika, mama?"

"Haipo."

Meneja, aliyekuwa amesimama pembeni na tai yake, akakohoa. "Onja tena, mama. Usiwe na haraka."

Ilikuwa sauti ya mkubwa anayetaka akubaliwe, na Hedwiga aliijua sauti hiyo tangu utoto. Aliogopa, kusema kweli. Akajiambia heshima si utumwa, akaonja, akatema.

"Bwana meneja, hata nikionja hadi jioni, haya ni maji."

Alipofumbua macho alimkuta Othmar anacheka, na meneja naye anacheka, maana walikuwa wamepanga pamoja.

"Ni maji, mama," alisema Othmar. "Kazi ni yako. Watakuja wanunuzi hapa na suti zao, waisifu kahawa mbovu. Nataka mtu wa kuniambia siyo."

"Na ukiisifu wewe?"

"Hapo hasa ndipo uniambie."

"Nitakuambia," alisema Hedwiga. Akavuta kiti, akakaa bila kungoja kukaribishwa.